F8 ya keshia: nani aipokee kwanza?

Keshia wa duka la jumla pale Kikuubo, Kampala, hana muda wa kushika kipanya. Foleni ni ndefu, wachuuzi wa mikoani wanawahi basi. Kitufe cha F8 kwenye kibodi kikiwa ndicho cha kufunga mauzo, basi kifunge, popote alipo ndani ya programu. Sisi tunaoandika programu hizo kwa Java Swing, maktaba ya Java ya kutengeneza madirisha, visanduku na majedwali, tumegawanyika juu ya namna ya kulifanikisha hilo.

KeyListener, msikilizaji anayefungwa kwenye sehemu moja ya dirisha, haina mtetezi: husikia kitufe pale tu sehemu yake inaposhika fokasi, yaani ndiyo inayopokea kinachochapwa. Fokasi ikihamia kwenye kisanduku cha bei, F8 haifanyi kitu.

Wengi hukimbilia KeyEventDispatcher, iliyokuja na Java 1.4 mwaka 2002. Hiyo huona kila kitufe kabla ya sehemu nyingine yoyote. Ikirudisha true (ndiyo), kitufe kinaishia hapo. Nawaelewa. JTable, jedwali la Swing, ina F8 yake, ya kupeleka fokasi kwenye vichwa vya jedwali. Ukiifungia F8 kwenye dirisha zima kupitia InputMap, orodha inayokipa kitufe jina la kitendo, keshia akiwa ndani ya orodha ya bidhaa, jedwali litaipokea kwanza na mauzo hayatafungwa.

Ila KeyEventDispatcher haijali ni dirisha gani liko mbele. Onyo la "bidhaa imeisha" likiwa bado linasubiri jibu, F8 itafunga mauzo yaliyo nyuma yake. Tena kubonyeza na kuachia kitufe huja kama matukio mawili, hivyo asiyekagua aina ya tukio huandika risiti mbili. Jioni hesabu hazilingani, na anayetazamwa kwa jicho la wizi ni keshia.

Kwa hilo nasimama na InputMap na mwenzake ActionMap, inayolipa jina hilo kitendo chenyewe, kwa sharti la WHEN_IN_FOCUSED_WINDOW: kitufe kifanye kazi pale tu dirisha lake lina fokasi. Onyo ni dirisha jingine, kwa hiyo F8 hutulia mpaka lijibiwe. Jedwali nalo lina dawa: andika "none", jina lisilo na kitendo, kwa F8 katika InputMap yake yenye F8 hiyo, nalo litaiachia ipite.

Pagumu ni kwenye skana. Kwa kompyuta, skana nyingi za bakodi ni kibodi tu: huandika tarakimu upesi na kumalizia kwa Enter. Fokasi ikiwa kwenye bei, tarakimu 13 za sabuni zinageuka bei ya sabuni. Hapo KeyEventDispatcher naikubali, kwa skana peke yake, na ihakikishe kwanza kwamba dirisha la mauzo ndilo lenye fokasi.