Kadi za Simuni na Lawama ya Kukariri

Maalim wenzangu, Unguja na Pemba, wakimuona mwanafunzi ameinamia simu akipindua kadi moja baada ya nyingine, wengi huhukumu bila kuuliza: huyo anakariri tu, haelewi. Programu inamtolea swali, anajibu moyoni, anafunua jibu, kisha anaiambia kama alikumbuka au alisahau. Alichosahau hurudi upesi, alichokumbuka husogezwa mbele. Kwa kanuni ya Piotr Woźniak wa Poland, ya mwaka 1987, kadi unayoikumbuka vizuri hurudi baada ya siku 1, halafu 6, halafu 15, halafu 38. Anki, programu mojawapo ya kadi hizi, ambayo kwenye kompyuta na simu za Android ni ya bure na hudurusisha hata bando likiisha, ilianzia kwenye kanuni hiyo.

Lawama ya kukariri haikutoka hewani. Skuli zetu zina watoto wanaotaja mwaka wa mkataba bila kujua mkataba ulikataza nini, na programu haitawagundua. Yenyewe inapima kama umekumbuka ulichokiandika nyuma ya kadi, basi. Ukiandika kosa, utalihifadhi kosa barabara. Na ukiacha siku kumi, kadi hujilundika mpaka mtu anakata tamaa.

Hata hivyo, kuna jaribio moja ambalo natamani kila maalim alijue. Mwaka 2008 watafiti wa saikolojia Jeffrey Karpicke na Henry Roediger walichapisha katika jarida la Science matokeo ya wanafunzi wa chuo kikuu cha Marekani waliopewa jozi 40 za maneno wajifunze. Maneno yenyewe yalikuwa ya Kiswahili, mashua likiwemo, pamoja na maana zake kwa Kiingereza. Neno likishakumbukwa mara moja, baadhi yao waliendelea kuulizwa. Wengine waliendelea kulisoma tu, bila kuulizwa tena. Baada ya wiki, walioendelea kuulizwa walikumbuka kiasi cha asilimia 80. Waliosoma tu, kiasi cha asilimia 36.

Pengo hilo ni kubwa, lakini kinachonikosesha usingizi ni kitu kingine. Kabla ya kuondoka, wote waliombwa wakisie watakumbuka mangapi. Makundi yote yalikisia karibu nusu. Aliyekuwa anaelekea kwenye 80 na aliyekuwa anaelekea kwenye 36 walijiona sawasawa! Kwa hiyo mtoto aliyesoma daftari mara kumi akasema “nimeshajua, maalim” hasemi uongo. Ndivyo anavyohisi, na hisia hiyo haina habari ya wiki ijayo. Anahitaji kitu cha kumuuliza daftari likiwa limefungwa. Kwenye vyuo vya Kurani tunalijua hili tangu udogo: ustadh hakuulizi kama umehifadhi, anakwambia usome msahafu ukiwa umefunikwa, na juzuu ya zamani unairudia huku unaongeza mpya.

Atakayejibu kwamba jozi za maneno si ufahamu atakuwa amesema kweli. Ila ufahamu unaunganisha nini, kama vipande vyenyewe havimo kichwani? Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu: kuunganisha kunaweza kuandikwa kwenye kadi, ikiwa mwanafunzi anaziandika mwenyewe baada ya somo badala ya kupakua za mwengine.

Chukua karafuu. Kadi inayouliza “kimbunga kikubwa kilipiga mwaka gani?” inajibiwa 1872, na mtoto hajui zaidi ya hapo. Andika ya pili: kwa nini Pemba ikaipita Unguja kwa karafuu? Kwa sababu kimbunga kile kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na Pemba ikanusurika. Ya tatu: Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari mwaka 1873, mashamba yalikuwa katika hali gani? Kuijibu hiyo lazima arudi kwenye ile ya kwanza. Sasa 1872 si tarakimu pweke tena, na kila siku ya kudurusu moja inamkumbusha nyengine.

Kisha ya nne, ambayo naiona ndiyo yenye uzito. Sheria iliendelea kuutambua utumwa wenyewe hadi 1897. Katika miaka hiyo 24, mikarafuu ya Pemba ilipandwa na kuchumwa kwa mikono ya nani?