R.D. si Grande Année iliyopandishwa bei tu
Kuna makala inayosema R.D. (récemment dégorgé, yaani "iliyotolewa mashapo karibuni") ya Bollinger, nyumba ya shampeni ya Ufaransa, ni Grande Année, shampeni yao ya mwaka mmoja, ile ile iliyobandikwa bei kubwa. Mwandishi wake amepatia nusu na kuacha ile nusu yenye uzito. Kweli, mvinyo wa msingi ni mmoja: zabibu za mavuno ya mwaka mmoja, uchachushaji wa kwanza ukifanyika ndani ya mapipa ya mwaloni. Tofauti ni muda. Sheria ya Champagne inataka shampeni yenye mwaka kwenye lebo ikae pishini angalau miaka 3; R.D. huachwa juu ya mashapo ya hamira, mara nyingi kwa zaidi ya miaka 10, tena, kama Grande Année, kwa kizibo cha koki, si kifuniko cha bati kama cha soda. Mashapo hutolewa karibu na wakati wa kuuza, na tarehe huandikwa nyuma ya chupa. Wazo hilo ni la Lily Bollinger, mjane aliyeiongoza nyumba hiyo ya kijiji cha Aÿ, Champagne, tangu 1941, akaanza na mavuno ya 1952. Nilipokuwa nahudumu mezani Paris niliwahi kuonja zote mbili za 2004 usiku mmoja: Grande Année ilijaa tunda, R.D. ilikuwa kavu zaidi, yenye harufu ya mkate uliobanikwa na njugu. Hiyo si lebo, ni kazi ya miaka kwenye pishi. Kuna mwingine aliyezionja bega kwa bega, mavuno ya 2002 labda?