Pampu Mpya, Waya wa Mwaka 1998

Wiki hizi kuna tangazo linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya wapenda magari hapa Dar. Picha ya pampu ya mafuta imelala kwenye kiganja cha mtu, na chini yake maneno: "Lita 255, inabeba nguvu za farasi 600, tunafunga nusu saa unaondoka." Nusu saa, wakuu. Nusu saa ndiyo muda wa kung'oa kiti cha nyuma cha Mark II, kufungua kifuniko cha tenki na kuanza kuulizana nani kaondoka na bisibisi ya nyota.

Na watu wanaenda. Baada ya wiki kadhaa gari hilohilo liko juu ya stendi, hedi imefunguliwa, pistoni imemeguka kingo kati ya ringi na ringi, na grupu zima linatafuta mchawi. Tabo (turbo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini) feki. Aliyepiga ramani ya kontroboksi, ile kompyuta ya injini, hajui kazi. Mafuta yamechakachuliwa. Pampu haitajwi hata kidogo, maana pampu ni mpya, tena picha ya boksi lake bado ipo kwenye status.

Tuanze na hiyo namba ya kwenye boksi. Lita 255 kwa saa ni kipimo cha mezani: presha ya bar 3 hivi na umeme wa volti 13.5. Gari lenye tabo haliishi hapo. Regyuleta, kifaa kinachoshika presha ya mafuta, ina kampira kinachotoka kwenye manifoldi ya hewa, na kazi yake ni kupandisha presha ya mafuta sawasawa na busti, yaani presha ya hewa ya tabo, ili nozeli zinazonyunyizia mafuta zione tofauti ileile ya bar 3 muda wote. Ukipiga busti ya bar 1.5, reli ya nozeli inatakiwa iwe na bar 4.5. Pampu inasukuma dhidi ya mzigo mkubwa zaidi, kwa hiyo inatoa lita chache zaidi, na inazitoa chache wakati uleule injini inapohitaji nyingi kuliko wakati wowote.

Hesabu yenyewe haihitaji chuo. Injini ya petroli yenye tabo inakunywa takriban lita 0.37 kwa kila farasi mmoja kwa saa. Farasi 500 ni lita 185. Ongeza akiba ya asilimia 20, unapata 222, na hizo ni lita za kwenye bar 4.5, si za mezani. Farasi 600 za kwenye tangazo zinataka lita 222 bila akiba yoyote, 266 ukiweka akiba. Tangazo limejikana lenyewe kabla hata hujauliza bei.

Lakini hata hilo ningelisamehe. Kinachoniudhi kuliko vyote ni waya.

Waya wa pampu uliotoka kiwandani ulipigiwa hesabu ya pampu iliyotoka kiwandani, inayokula ampea chache tu. Pampu kubwa za kiwango cha lita 450 zinakula ampea 15 na kupanda presha ikiwa juu. Waya wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 1.25 na urefu wa mita 5 una ukinzani wa karibu omu 0.07. Pitisha ampea 15 humo: volti 1 imeyeyuka njiani, upande wa chanya peke yake. Hujagusa soketi tatu nne zilizopo katikati, hujagusa swichi ya zamani ya rilei, na hujagusa ethi, yaani njia ya hasi, ambayo mara nyingi ni kipande kifupi cha waya kilichofungwa kwa skrubu moja kwenye bati lililopakwa rangi. Sasa weka hali ya hewa yetu. Gari limekaa Mbezi Beach au Kigamboni miaka kumi, unyevu na chumvi vimeingia kwenye kila kiungo, ukifungua soketi unakuta ukijani. Betri inasoma volti 13.8, pampu inasoma 11.4, na fundi anasema "umeme upo, taa inawaka." Taa ya majaribio inawaka hata kwa volti 9, bosi!

Volti 1.5 ikipotea, pampu ya aina hii inapoteza kama asilimia 15 hadi 20 ya mafuta yake, na kadiri presha inavyokuwa juu ndivyo hasara inavyozidi. Ndiyo maana gari linavuta vizuri gia ya pili, linavuta gia ya tatu, halafu gia ya nne kwenye mizunguko 6,000 linaanza kusitasita kama limeshikwa mkia. Gia ya nne inakaa kwenye busti muda mrefu, presha ya mafuta inashuka polepole huku busti imesimama palepale, mchanganyiko unatoka sehemu 11.5 za hewa kwa moja ya mafuta unapanda 12.5, 13, joto ndani ya silinda linapaa, injini inaanza kugonga, yaani mafuta yanalipuka ovyo ndani ya silinda. Kugonga kwenyewe husikii, ekzozi imeshakuziba masikio. Unachosikia ni baadaye.

Halafu kuna zile gari ambazo kiwanda chenyewe kinapunguza umeme wa pampu kwa makusudi. Toyota zenye injini ya tabo ya 2JZ-GTE zina kiboksi kinachoipa pampu umeme mdogo gari likiwa sailensa, yaani linaunguruma bila kukanyagwa, na umeme kamili ukikanyaga. Mitsubishi Evo nyingi zina rezista kwenye njia ya pampu kwa sababu hiyohiyo. Subaru za tabo zina kontrola inayokata na kuachia umeme kwa kasi sana, kulingana na kontroboksi inavyoagiza. Vitu hivi vilipimwa kwa pampu ndogo. Unapitisha pampu ya ampea 15 kwenye kontrola ya Subaru ya miaka ishirini, halafu unashangaa imeungua.

Kinachotakiwa ni hiki. Waya mpya wa shaba halisi wa milimita za mraba 6 kutoka kwenye betri hadi nyuma. Kwa mita zilezile 5 na ampea zilezile 15 unapoteza volti 0.2 na kidogo. Fyuzi ikae karibu na betri, sentimita 15 au 20, si nyuma kwenye buti, maana kazi yake ni kulinda waya wote. Ampea 20 zinatosha kwa pampu ya kiwango cha 255, ampea 30 kwa ya 450. Rilei ya ampea 40 ifungwe karibu na tenki: mguu wa 30 unapokea kutoka kwenye fyuzi, 87 unakwenda kwenye pampu, 85 ethi, na 86 unachukua amri kutoka kwenye waya wa zamani wa pampu. Waya wa zamani hautupwi, unapandishwa cheo na kuwa mtoa amri. Ethi mpya, unene uleule wa 6, ikwanguliwe rangi mpaka bati ling'ae, ifungwe kwa bolti na kupakwa grisi.

Ila kwa Subaru amri ichukuliwe kwenye rilei ya pampu, kabla ya kontrola. Ukiichukua baada ya kontrola, rilei yako mpya itatetema kama meno ya mgonjwa wa malaria na haitafika mwisho wa mwezi.

Na kamwe, narudia, kamwe usichukue amri kwenye swichi ya funguo. Nimeshaona watu wanashauriana hivyo hadharani, tena kwa kujiamini. Kontroboksi inaizima pampu injini inapozimika. Ukiifunga kwenye funguo, siku gari limegonga, injini imezimika na mpira wa mafuta umekatika, pampu itaendelea kumwaga petroli juu ya manifoldi ya moto mpaka mtu aikumbuke funguo. Huyo mtu huenda ni wewe, na huenda huwezi.

Kitu kingine hapohapo nyuma: soketi ya kwenye kifuniko cha tenki. Pini zake ni ndogo. Ukiiona plastiki imeanza kuwa ya kahawia kuzunguka pini, inayeyuka. Tafuta kipitisho cha umeme chenye bolti, kilichotengenezwa kwa ajili ya ndani ya tenki. Silikoni na kutoboa tundu jipya si kazi ya mtu anayependa nyumba yake.

Sasa jinsi ya kujua ukweli. Unahitaji multimita, dumu safi lenye alama za lita, saa ya simu, na pampu ya baiskeli yenye geji. Ndiyo, ya baiskeli. Fanyia nje, mtungi wa kuzimia moto karibu, hakuna sigara, hakuna mtoto. Injini ikiwa imezimwa na ni baridi, chomoa mpira wa mafuta yanayorudi tenkini na uuelekeze kwenye dumu. Chomoa kampira ka regyuleta kwenye manifoldi, unganisha pampu ya baiskeli, jaza mpaka bar 1.5. Regyuleta sasa inaamini uko kwenye busti. Unganisha chaja kwenye betri ili umeme ukae karibu na 13.5, washa pampu ya mafuta kwa kuunga rilei, hesabu sekunde 60. Wakati huohuo mtu wa pili asome volti kwenye miguu ya pampu yenyewe, siyo kwenye betri. Ukipata lita 2.6 kwa dakika, hiyo ni 156 kwa saa: farasi 420 bila akiba, 350 ukiwa na akili. Haijalishi boksi limeandikwa nini na limetoka Marekani au kwenye maduka ya Gerezani hapa Dar. Pampu za Walbro za lita 255 zinaigizwa sana, kwa boksi, kwa stika, kwa kila kitu, na feki haigunduliki kwa macho kama inavyogundulika kwa dumu.

Mpira wa ndani ya tenki. Mpira wa mafuta unaokatwa kwa mita pale dukani umetengenezwa mafuta yapite ndani yake, haukutengenezwa kulala ndani ya petroli nje na ndani. Tafuta ulioandikwa SAE J30R10. Wa kawaida unavimba, unalainika, unapasuka, na unavujia ndani ya tenki ambako hakuna anayeona tone. Gari linakosa presha, chini pakavu kabisa, na unaambiwa ununue pampu nyingine.

Kuna kosa la upande wa pili pia. Pampu kubwa ikiwa sailensa inarudisha karibu kila kitu ilichosukuma, na regyuleta ya kiwanda pamoja na kabomba kake ka kurudishia havimudu. Chomoa kale kampira ka regyuleta, soma presha: kama ilitakiwa bar 3 na unaona 3.8, mafuta yanakwama kurudi. Gari litanuka petroli na plagi zitakuwa nyeusi, hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba mpiga ramani atapunguza mafuta ili mambo yakae sawa pale chini, na huko juu, ambako injini inayala mafuta yote na presha imerudi kwenye hali yake, ramani hiyo itakuwa kavu. Dawa ni regyuleta kubwa na bomba la kurudishia la milimita 8, kabla ya ramani, siyo baada.

Chujio la ndani ya tenki libadilishwe kila pampu inapobadilishwa, hakuna mjadala. Pampu mbili ni sawa, mradi kuwe na kitu cha kukata busti ile ya pili ikigoma. Jedwali za E85 (mafuta yenye ethanoli nyingi) za kwenye mtandao waachieni wenye E85. Na mwenye Mark X ya 4GR aliyefunga filta ya hewa na ekzozi akaongeza pampu ya tenki: ile injini inanyunyizia mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, ina pampu yake ya presha kubwa kule mbele, ya nyuma inailisha tu. Umenunua kelele.

Haya, nikubali machache. Pampu halisi ya 255 ikipewa umeme wake na mpira wake ni kifaa kizuri, farasi 400 inabeba bila jasho. Gari la farasi 280 lenye pampu ya kiwanda iliyo hai halihitaji lolote kati ya haya. Na ni kweli kwamba pampu inapozwa zaidi na mafuta yanayopita ndani yake kuliko yale yanayoizunguka, kwa hiyo kutembea na robo tenki peke yake hakuiui kwa haraka kama inavyosemwa. Kinachoiua ni kuvuta hewa. Tenki la Subaru limepanda juu ya propela kama matandiko ya punda, lina pande mbili, na kuna kifyonzaji kidogo kinachotumia mafuta yanayorudi kuhamisha yale ya upande wa pili. Fundi wa nusu saa huwa anakikata ili pampu nene ienee. Geji inasema nusu tenki, pampu inakoroma, na wewe uko kwenye kona ya kupanda daraja la Kijazi umekanyaga mpaka mwisho.

Kazi hii ikifanywa vizuri inachukua siku nzima, na fundi anayekuambia siku nzima atakutajia ufundi unaozidi bei ya ile pampu ya kwenye tangazo. Mlipe. Ila dumu nenda nalo mwenyewe, na usimame pale wakati anahesabu sekunde.