Mcheza kwao hutunzwa, lakini lini?

Wiki ya Siku ya Mashujaa binti yangu alirudi na kazi fupi ya nyumbani: taja mashujaa watano wa nchi yako. Akakaa sebuleni na daftari lake, akaandika wanne bila hata kuinua kichwa. Wote wanasiasa, wote marehemu. Mstari wa tano ukamshinda. Nikamwambia aandike Phyllis Omido.

"Alikufa lini?"

Nikamwambia yu hai, na kazi yake ameifanyia hapa hapa Mombasa. Akanitazama kana kwamba namdanganya. "Lakini Mama, mwalimu alisema mashujaa ni waliotutangulia."

Simlaumu mwalimu. Ndivyo tulivyolelewa sote. Shujaa kwetu ni mtu mwenye kaburi na barabara yenye jina lake. Ila siku ile liliniuma, maana ukipanda matatu ya kuelekea Miritini unapita karibu na Owino Uhuru, na katika gari zima pengine hakuna mtoto anayejua kilichotokea pale.

Acha nikisimulie. Mwaka 2009 Omido aliajiriwa katika kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu za magari ubavuni mwa mtaa huo wa Jomvu, wenye wakazi wapatao 3,000. Kazi yake ilikuwa mahusiano na jamii. Akapewa kusimamia tathmini ya athari za mazingira, tathmini ikaonyesha kwamba kiwanda hakistahili kuwa pale, na wakubwa wakamhamishia shughuli nyingine. Haukupita muda mrefu mwanawe mchanga akaugua. Homa haikushuka. Ikadhaniwa malaria, ikadhaniwa homa ya matumbo. Kipimo cha damu ndicho kilichofichua ukweli: risasi. Mtoto alikuwa akiinyonya kwenye maziwa ya mama yake.

Kwa Kiswahili madini haya yanaitwa risasi, jina lile lile la kile kitokacho kwenye bunduki. Vumbi lake hutua juu ya mabati, mvua huliteremsha mpaka kwenye madumu ya maji, na mtoto anayetambaa hulizoa kwa viganja akalitia mdomoni. Mwili huidhania kuwa kalsiamu, ukaihifadhi mifupani. Shirika la Afya Duniani linasema hakijulikani kiwango chochote cha risasi kilicho salama kwa mtoto.

Omido aliacha kazi. Akaenda mlango kwa mlango, akina mama wakakubali watoto wao watolewe damu, majibu yakaja, wakaandamana. Mwaka 2012 alikamatwa pamoja na wenzake, akashtakiwa kwa uchochezi, na baadaye mahakama ikamwachilia huru. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka uliofuata aliitwa San Francisco kupokea Tuzo ya Goldman ya mazingira.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Yeye alicheza kwao, akatunzwa ng'ambo.

Na si yeye wa kwanza. Wangari Maathai alipopinga ujenzi wa jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru mwaka 1989, wabunge walisimama bungeni kumkejeli. Mwaka 1991 akapewa Goldman. Mwaka 1992 polisi walimpiga hadi akazirai, katika bustani ile ile, alipokuwa na akina mama waliodai wana wao wafungwa wa kisiasa waachiliwe. Hebu zisome tena tarehe hizo kwa mpangilio wake. Dunia ilimvisha nishani kati ya kejeli na rungu. Leo Nairobi ina barabara yenye jina lake, nami huipita kwa fahari, lakini alifariki mwaka 2011 na barabara ikaitwa hivyo yeye hayupo.

Sisi watu wa Pwani, katika jambo hili, hatuna kisingizio. Kutunza tunakujua. Kwenye taarabu mtu huinuka kitini na noti yake, akaenda kumtunza mwimbaji wimbo ukiwa bado unaendelea. Hakuna anayengoja mwimbaji ashuke jukwaani, sembuse azikwe. Mbona basi tunaifanya heshima ya watetezi wetu kuwa shughuli ya matanga?

Halafu kuna jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko nishani yoyote. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamua wakazi wa Owino Uhuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na udongo na maji ya mtaa yasafishwe. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo. Mwaka ule ule, Stockholm, Omido akatangazwa mshindi wa tuzo ya Right Livelihood. Mpaka Desemba 2024 ndipo Mahakama ya Juu ilipoirejesha ile bilioni 1.3. Naamini heshima anayostahili mama huyu huanzia kwenye hukumu hiyo: kila familia ipate haki yake mkononi, na lile tope lizolewe. Tukimpa cheti huku mtoto wa Owino Uhuru bado anachezea udongo ule, tumempa karatasi.

Tanzania nako ni vivyo hivyo. Rebeca Gyumi alikwenda mahakamani kupinga sheria inayoruhusu msichana wa miaka 15 kuozwa kwa idhini ya mzazi. Akashinda Mahakama Kuu mwaka 2016, akapewa Tuzo ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa mwaka 2018, akashinda tena Mahakama ya Rufani mwaka 2019. Mahakama Kuu ilikuwa imeipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha sheria. Rufaa ya Serikali ikashindwa, mwaka mwingine ukapita, na sheria ikabaki vile vile.

Kazi za watu hawa hazikuishia vijijini kwao. Betri kuukuu zinayeyushwa Afrika nzima na Asia, na mwaka 2017 mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira, uliofanyika Nairobi, ulipitisha azimio la kushughulikia betri hizo kwa usalama. Kilio kilichoanzia Jomvu ni kilio cha mitaa mingi tusiyoijua majina.

Nilimsimulia binti yangu yote haya, nikiruka ya mahakama. Alisikiliza kalamu ikiwa mdomoni, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Wale watoto walipona?"

Nikamwambia ukweli, kwamba risasi ikishaingia mifupani hukaa miaka mingi sana, na kwamba wengine sasa ni vijana wakubwa kumpita yeye. Akanyamaza. Akafungua daftari, akaandika jina la Omido kwenye mstari wa tano, kisha akachora mstari wa sita kwa rula. "Wale akina mama waliotoa damu ya watoto," akasema, "wanaitwaje?"

Sikuwa na hata jina moja la kumpa.