Tuanze na pindo

Siku niliyokabidhi funguo za kabati la dawa na kuiaga wodi, baada ya miaka 34 ya uuguzi, nilikuwa na mipango mitatu: kulala mpaka jua lipande, kupanda migomba nyuma ya nyumba, na kushona mifarishi ya viraka. Usingizi ulinishinda, kwa kuwa mwili uliozoea zamu haukubali upesi kwamba hakuna anayeusubiri saa moja asubuhi. Migomba inaendelea vizuri. Mifarishi ndiyo iliyonikalisha kuandika makala haya, kwa sababu katika mwaka wa nne wa kustaafu kwangu nilivuta sanduku la bati kutoka mvunguni nikakuta humo nyuso saba za mifarishi, zimeungwa, zimepigwa pasi, zimekunjwa vizuri, na hakuna hata moja iliyowahi kumfunika mtu.

Kwa asiyeijua kazi hii, mfarishi una matabaka matatu. Uso ni vile vipande vya vitambaa vilivyounganishwa kimoja kimoja mpaka vikawa shuka. Katikati hukaa pamba au, kwa sisi wa Tanga ambao joto halituruhusu kujifunika pamba, blanketi jembamba lililochakaa. Mgongo ni kitambaa kizima, mara nyingi kanga kuukuu au marekani. Matabaka hayo hulazwa pamoja na kupigwa bandi ili yasihame, kisha hushonwa kwa mishono inayopenya yote matatu, na mwisho kingo zote nne huvishwa pindo. Mtu akikuonyesha uso peke yake na kukuambia kwamba ameshona mfarishi, safari yake bado ni ndefu.

Vipande havina gharama, na hilo ni jambo kubwa kwa mtu anayeishi kwa pensheni. Fundi wa mtaani kwangu hunitunzia mabaki ya vitenge katika mfuko wa unga, nami huyachambua barazani: mazito upande mmoja, mepesi upande mwingine, kwa kuwa kitenge kizito kikiunganishwa na kanga laini huivuta na baada ya kufuliwa mara chache mshono huachia. Vyote hufuliwa kwanza, ili wanga utoke na kile kitakachonywea kinywee kabla ya kukatwa, na vyekundu hulowekwa peke yake mpaka maji yatoke meupe, maana kipande kimoja kinachochuja kinaweza kuharibu kazi ya miezi minne. Wapo wanaoona haya kushona viraka, kwa kuwa kiraka kwetu kimebeba jina la umaskini. Mimi huwakumbusha kwamba kanga yenyewe, kama historia yake inavyosimuliwa pwani, ilianza pale wanawake wa karne ya 19 walipochukua leso za dukani na kuziunga sita pamoja, tatu juu na tatu chini, wakapata vazi moja. Ndiyo maana Mombasa hadi leo wanaiita leso. Vazi tunalojivunia kuliko yote lilizaliwa kwa kuunga vipande.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Wastaafu wenzangu wengi wanaoshona, kufuma au kusuka ukili wananiambia kwamba kumaliza si lazima, kwamba raha iko katika kushona kwenyewe, na kwamba mtu aliyetumikia saa na ratiba maisha yake yote ana haki ya kuanza kumi na kuacha kumi. Nimeisikiliza hoja hiyo kwa heshima. Najua mjane ambaye sindano ndiyo iliyomvusha mwaka wa kwanza, na hakuna mtu angethubutu kumuuliza kazi yake itaisha lini. Hata hivyo siikubali, na sababu yangu inatoka wodini. Muuguzi hafikishi jambo mwisho. Unampokea mgonjwa usiku wa kwanza, unamfunga kidonda, unampimia joto, halafu saa ya zamu inafika na unamkabidhi kwa mwenzako, na ukirudi baada ya siku mbili za mapumziko kitanda kina mtu mwingine. Nilifanya hivyo kwa miaka 34 bila kulalamika, kwa kuwa ndivyo kazi ilivyo. Lakini nilipostaafu nilitamani, walau katika jambo moja, niwe mimi niliyefunga fundo la kwanza na mimi niliyekata uzi wa mwisho. Mwalimu na dereva wa treni sijui wangesema nini. Nadhani wengi tuliofanya kazi za kupokezana tuna njaa hiyo hiyo.

Tena mfarishi ni kitu cha kujifunika. Mwaka 1942, katika kijiji cha Gee's Bend jimboni Alabama, Marekani, mkulima mmoja alifariki, na mkewe, Missouri Pettway, akachukua nguo zake za kazi, zile zilizopauka kwa jua na kuchakaa magotini, akazishona mfarishi ili amkumbuke na ajifunike ndani ya upendo wake. Miaka 60 baadaye mifarishi ya kijiji hicho ilipoonyeshwa katika makumbusho ya sanaa ya Houston mwaka 2002, wa kwake ukiwemo, watu walisimama mbele yake kama wanavyosimama mbele ya picha za wachoraji wakubwa. Mimi ninachokikumbuka zaidi ni kwamba mama yule aliumaliza na akalala chini yake. Uso uliokunjwa sandukuni usingemsaidia usiku.

Basi kwa nini nyuso saba? Nilijishutumu kwa uvivu kwa muda mrefu, mpaka nilipokaa na daftari na kuhesabu. Mfarishi wa kitanda kidogo wa inchi 60 kwa 80, ukitumia vipande ambavyo baada ya kushonwa hubaki inchi 5 kila upande, unataka vipande 192. Kuviunga ni raha tupu. Unakaa kwenye cherehani dirishani, unaunga kumi kila jioni, na kila jioni rangi zinabadilika mbele ya macho yako. Kisha siku moja uso umekwisha, na raha yote imekwisha pamoja nao. Kilichobaki ni kutandika matabaka matatu sakafuni, kupiga magoti, kutambaa kwa bandi kutoka katikati kwenda nje ili kusiwe na mkunjo, kupitisha sindano kila upana wa kiganja, halafu kuzungusha pindo la inchi 280. Mwanamke wa miaka 64 mwenye magoti yangu anaifikiria sakafu ile, anakunja uso wa mfarishi, anaanza mwingine. Tatizo liko katika mpangilio wa kazi: tamu yote imetangulia, na uchungu wote umerundikwa mwishoni, wakati ambapo hamu nayo imepungua.

Jibu nimelipata kwa watu ambao wana damu ya upande wetu huu. Katika misitu ya Karnataka, kusini magharibi mwa India, wanaishi Wasiddi, wazao wa Waafrika waliopelekwa huko utumwani, wengi wao kutoka pwani ya mashariki ya bara letu, na baadhi ya mababu zao wakiwa ni wale waliotoroka kutoka Goa ya Wareno. Wanawake wa Kisiddi hushona mifarishi ya nguo kuukuu inayoitwa kawandi, na hushona kinyume kabisa cha nilivyofundishwa mimi. Hawaungi uso kwanza. Hutandika kitambaa cha mgongo, huanza ukingoni, na kuweka kipande baada ya kipande kuelekea katikati, kila kipande kikishonwa moja kwa moja juu ya mgongo kwa mkono. Kuunga, kushikiza matabaka na kumaliza kingo hufanyika kwa pamoja, kwa mshono ule ule, tangu siku ya kwanza. Kazi huishia katikati. Kisha, kabla hawajaihesabu kuwa imekamilika, huweka pembeni maua madogo ya vitambaa vilivyokunjwa, ambayo huyaita phula, kwa kuwa kawandi isiyo na phula kwao ni kama iko uchi.

Niliposoma hayo nilinyamaza kwa muda. Ina maana kwamba pindo, lile lililonishinda kila mara, kwao ndilo la kwanza.

Nilijaribu kwa mfarishi wa mjukuu wangu wa mwisho. Mgongo ulikuwa kanga moja nzima, mita 1.5 kwa mita 1.1, iliyokuwa imelainika kwa kufuliwa. Nilikunja ukingo kwa ndani upana wa kidole, nikaweka kipande cha kwanza pembeni, nacho nikakikunja kingo zake kwa ukucha, na nikaanza kushona kwa mishono midogo ya juu na chini, subana ikiwa kwenye kidole cha kati kwa sababu kanga juu ya kitenge juu ya blanketi ni ngumu kwa ncha ya kidole. Sikuhitaji sakafu. Kazi ilikaa mapajani, na nilikuwa naizungusha kadiri ninavyosonga. Baada ya juma la kwanza kingo zote nne zilikuwa zimefungwa, na hapo ndipo nilipoielewa hekima ya akina mama wale: tangu siku hiyo nilikuwa nimeshika mfarishi, mdogo wa vipande lakini mzima wa kingo, na kila jioni nilikuwa najaza tu nafasi iliyobaki. Hakukuwa na mlima wowote unaoningoja mbele. Wiki ya sita nilifika katikati, nafasi ikiwa imebaki ya kiganja kimoja, nami nilikuwa nimeihifadhia kipande cha kanga iliyokuwa na maneno "Mgeni njoo mwenyeji apone". Mkasi ulikuwa umepita palepale ambapo lilibaki neno moja, APONE. Kwa mtu aliyekesha wodini miaka yote ile, sidhani kama kuna neno jingine ningeliweka hapo.

Sisemi kila mtu aiache njia ya zamani. Mishono ya Kisiddi huonekana, na anayependa nyota na pembetatu zilizokutana barabara ncha kwa ncha hataridhika nayo. Huyo namshauri alichukue funzo peke yake: akate pindo siku ile ile anayokata vipande, alishone likawa tayari na kulikunja juu ya vipande vyake, na kitambaa cha mgongo akinunue kabla ya kuunga kipande cha kwanza. Ashone mfarishi mmoja tu kwa wakati mmoja. Na amtaje mapema mtu atakayejifunika, kwa jina, kwa kuwa mfarishi usio na mwenyewe haukuiti asubuhi.

Kuhusu zile nyuso saba, mbili nilizifumua. Rangi zake hazikunipendeza tena, na kufumua nako ni kumaliza. Vipande vilirudi mfukoni vikiwa safi. Tatu nilizigawa kila moja sehemu tatu za upana wa inchi 20, kwa kufumua mishono miwili mirefu tu, ili kila sehemu itoshe juu ya meza ya chakula, nikazishikiza matabaka yake mezani na baadaye kuziunga kwa utepe wa kitenge. Zote tatu sasa ziko vitandani mwa watu. Ya sita bado.

Ya saba si yangu. Ilishonwa na mwenzangu tuliyefanya naye kazi zamu za usiku, aliyestaafu mwaka mmoja kabla yangu na kufariki kabla hajaiwekea mgongo. Binti zake wawili waliniletea ndani ya mfuko baada ya arobaini, wakaniamkia, na mkubwa akasema, "Mama mdogo, sisi hatujui kushona, lakini kuitupa hatuwezi." Niliitandaza baada ya wao kuondoka. Alikuwa amechora kwa chaki ya fundi, kwa mkono ule ule ulionyooka aliokuwa akijazia kadi za wagonjwa, kila mstari ambao sindano ingepita.

Hii sikuthubutu kuifumua hata mshono mmoja. Niliwaita majirani wawili, tukatandika mkeka barazani, na wale wenye magoti mazuri kuliko yangu wakapiga bandi kwa alasiri moja huku mimi nikiwatungia sindano. Tangu hapo nashona juu ya mistari yake, asubuhi, wakati mwanga wa dirishani unatosha macho yangu, nusu saa kisha nainuka kunyoosha mgongo. Pindo limebaki upande mmoja. Binti zake watakuja mwisho wa mwezi. Sijaifua, kwa kuwa chaki yake bado inaonekana kati ya mishono, na nataka waione kabla maji hayajaiondoa.