Msipake rangi kabla hamjajua maji yanatoka wapi

Kila masika ikiisha hapa Arusha ni yaleyale, fundi anaitwa, anakwangua ukuta, anaskim upya, anapiga rangi ya mafuta, ikifika mwezi wa saba rangi imeshavimba tena. Hiyo hela imepotea, kwa sababu hakuna aliyeuliza maji yametoka wapi.

Mimi nimepanga Sakina. Chumba cha watoto kilikuwa na ukungu mweusi wa madoadoa nyuma ya kabati, harufu kama gunia lililolowa, na mdogo alikuwa anakohoa usiku kucha. Hili sio suala la uchafu jamani, Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo 2009 likahusisha unyevu na ukungu wa ndani na kikohozi na pumu. Mwenye nyumba akasema mnafunga sana madirisha, fundi akasema ni bati linavuja.

Nikachukua foili ya jikoni nikabandika vipande viwili ukutani, kimoja juu karibu na dirisha, kingine chini kabisa karibu na sakafu, nikaziba kingo zote kwa selotepu hewa isipite, nikaacha siku mbili. Cha juu kilikuwa na matone upande wa chumbani, huo ni mvuke wetu wenyewe, wa kupumua na nguo tunazoanika ndani, unakutana na ukuta wa baridi. Cha chini nilipokibandua, upande ulioshika ukuta ndio ulikuwa umelowa, na pale plasta imetoa ule unga mweupe wa chumvi. Hapo maji yanapanda kutoka chini. Ukuta mmoja, magonjwa mawili! Kwa hiyo mwenye nyumba alikuwa na haki, ila nusu tu.

Tukazunguka nje, udongo wa bustani umelundikwa ukutani mpaka umepita usawa wa sakafu ya ndani, gata hakuna, maji yote ya bati yanamwagika hapohapo. Sasa rangi ya mafuta ingesaidia nini? Unaziba ndani, maji yanapanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea.

Na nyie mnaojenga sasa hivi Muriet na Olasiti, tandikeni nailoni nzito kabla ya kumwaga zege la sakafu, baadaye hamuwezi tena kuiweka bila kuvunja.

Sisi tumeshaondoa ule udongo, gata imefungwa, kabati tumelisogeza, madirisha tunafungua asubuhi hata kukiwa na baridi. Rangi bado, ukuta naushika kila wiki na chini bado ni wa baridi.