Kitone cha namba 5

Ndugu mwandishi, umesema wasioona watengenezewe simu yao maalumu yenye vitufe vikubwa. Hapo sikubaliani nawe. Kaka yangu haoni tangu utotoni, anauza dagaa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, na anatumia simu janja hii hii ya kupangusa. Anapitisha kidole kwenye kioo, simu inamsomea, akigonga mara mbili inafungua. Sauti ameiweka mbio mpaka mimi siambulii neno! iPhone ina kisomaji hicho tangu 2009. Vitufe vikubwa vya nini kwa mtu asiyetumia macho?

Kinachomtesa ni jiko la umeme tulilonunua hapa mjini. Uso wote kioo kitupu, hakuna hata kitone kama kile cha namba 5 kwenye simu za batani. Muuzaji akanigeukia mimi: “Si utampikia wewe?” Mtu amejipikia miaka yote! Tukadondoshea rangi ya kucha, ikakauka ikawa kinundu. Tena tuliiweka pembeni kidogo ya sehemu ya kuwashia, maana ukipapasa penyewe jiko linawaka. Sasa ugali anasonga mwenyewe, ila kupunguza moto bado anaita mtoto amsomee kioo.